Simu zazidi kuwa nyembamba, gharama yahamia kwa mtumiaji wa pili

Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu janja mpya inayoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya inabanwa na masharti ambayo miaka kumi iliyopita yasingefikiriwa. Betri yake lazima ibakiwe na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kujazwa mara 800. Vipuri vyake vya msingi lazima viendelee kupatikana kwa miaka saba baada ya mtengenezaji kuacha kuliuza toleo hilo, na programu yake endeshi iendelee kusasishwa kwa angalau miaka mitano. Kanuni nyingine, inayohusu betri za vifaa vya kubebeka kwa jumla, itaanza kutumika tarehe 18 Februari 2027. Hiyo inataka mtumiaji wa kawaida aweze kuitoa betri ya kifaa chake na kuweka nyingine.

Kwa mkazi wa Bukavu, Bujumbura au Kigali, habari hizi zaweza kuonekana za mbali. Hata hivyo, kinachotafutwa Brussels kwa nguvu ya sheria ni kitu ambacho watu wa ukanda wa Maziwa Makuu walikuwa nacho mkononi miaka kumi na mitano tu iliyopita. Betri ya simu ilitolewa kwa ukucha wa kidole gumba. Nyimbo, hotuba na picha za harusi zilikaa katika kadi ya kumbukumbu iliyohamishwa kutoka simu moja hadi nyingine. Spika za masikioni zilichomekwa katika tundu la milimita 3.5, na waya uleule ulikuwa antena ya redio ya FM.

Vitu hivyo vinne, yaani betri ya kutolewa, kadi ya kumbukumbu, tundu la spika za masikioni na redio ya FM, vimekuwa vikiondoka kimoja baada ya kingine katika simu za kisasa. Sababu inayotolewa ni wembamba, urembo wa kioo na chuma, na kinga dhidi ya maji. Ukivipanga pamoja, jambo moja hujitokeza: kila kilichoondolewa kilikuwa na manufaa makubwa zaidi simu inapozeeka, au pale umeme na intaneti vinapokosekana. Mtu anayeinunua simu mpya na kuibadilisha baada ya miaka miwili hakipotezi sana. Anayepoteza ni yule anayeipokea baada yake.

Safari ya kuondolewa

Betri ndiyo iliyotangulia. iPhone ya kwanza, iliyotoka mwaka 2007, haikuwa na mfuniko wa nyuma unaofunguka. Kwa miaka kadhaa washindani wake waliitumia kasoro hiyo kujinadi, wakiwaahidi wateja uhuru wa kubeba betri ya pili mfukoni. Mwaka 2015 Samsung nayo iligeuka. Galaxy S6 ilitoka na mgongo wa kioo uliobandikwa kwa gundi, bila betri ya kutolewa na bila nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Kadi ilirudishwa mwaka uliofuata katika S7, kisha ikaondolewa tena katika Galaxy S21 ya mwaka 2021.

Tundu la spika za masikioni lilipata pigo kubwa tarehe 7 Septemba 2016. Apple haikuwa ya kwanza kuliacha, lakini uzito wake sokoni uliufanya uamuzi wake kuwa kielelezo. Wakati wa kuitambulisha iPhone 7, aliyekuwa mkuu wa masoko wa kampuni hiyo, Phil Schiller, alisema hatua hiyo ilitokana na ujasiri. Siku hiyohiyo kampuni ilitangaza spika zake zisizo na waya kwa bei ya dola 159. Google, iliyojivunia tundu hilo katika simu yake ya Pixel mwaka 2016, ililiondoa katika Pixel 2 mwaka mmoja baadaye. Samsung ilifuata mwaka 2019 kwa Galaxy Note 10.

Baadaye vilianza kupungua hata vilivyomo ndani ya kisanduku. Mwaka 2018 Apple iliacha kuweka kiunganishi kidogo kilichowawezesha wateja kuendelea kutumia spika zao za zamani. Mwaka 2020 iliondoa kichwa cha chaja pamoja na spika za waya, ikieleza kwamba inapunguza taka na uchafuzi wa mazingira. Miezi michache baadaye Samsung ilifanya vivyo hivyo kwa Galaxy S21.

Hoja za watengenezaji

Ingekuwa dhuluma kudai kwamba watengenezaji hawana hoja. Betri isiyohitaji ganda gumu la plastiki wala mfuniko huacha nafasi kubwa zaidi ndani ya simu. Ndiyo maana simu janja ya bei nafuu ya leo mara nyingi hubeba betri ya miliampea-saa 5,000, ilhali simu nyingi za miaka ya 2010 zilibeba chini ya nusu ya hizo. Kadi za kumbukumbu za bei ya chini huwa za polepole, na nyingine huharibika ghafla pamoja na kila kilichomo. Spika zisizo na waya zimewafaa wengi, wakiwemo madereva na watu wanaofanya kazi kwa mikono yote miwili. Si kila kilichoondolewa katika simu kinastahili kuliliwa.

Hoja inayolegea ni ile ya maji. Mara nyingi wateja huelezwa kwamba simu haiwezi kustahimili maji ikiwa ina mfuniko unaofunguka na matundu pembeni. Lakini Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na betri ya kutolewa, nafasi ya kadi na tundu la spika za masikioni, na bado ilipewa daraja la IP67, ambalo humaanisha kustahimili kina cha mita moja ya maji kwa dakika 30. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ilitoa Galaxy XCover6 Pro, simu iliyokusudiwa wafanyakazi wa viwandani na mashambani. Ina betri ya kutolewa, nafasi ya kadi na tundu la milimita 3.5, na daraja lake la kustahimili maji ni la juu zaidi, IP68. Ina unene zaidi na urembo pungufu. Kilichoshindikana, kwa hiyo, si uhandisi. Ni kuviunganisha vyote hivyo katika umbo jembamba linalopendeza kwenye kabati la duka.

Ipo pia hoja ambayo haitajwi katika hafla za uzinduzi, nayo ni ya mapato. Aliyekosa tundu hununua spika zisizo na waya. Aliyekosa nafasi ya kadi hununua simu yenye hifadhi kubwa zaidi au hulipia hifadhi ya mtandaoni kila mwezi. Marekani, tofauti ya bei kati ya iPhone 7 ya gigabaiti 32 na ile ya gigabaiti 128 ilikuwa dola 100, wakati kadi ya kumbukumbu ya ukubwa huo ilipatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Na ambaye betri yake imechoka na haiwezi kutolewa kwa urahisi huanza kuifikiria simu mpya.

Mwaka 2017 jambo hilo lilidhihirika kwa namna isiyotarajiwa. Mwezi Desemba, Apple ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochakaa, ikisema lengo lilikuwa kuzizuia zisizimike ghafla. Baada ya malalamiko makubwa, ilishusha gharama ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Wateja wengi waligundua hapo kwamba simu waliyodhani imezeeka ilihitaji betri tu. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi iliyofunguliwa nchini Marekani kuhusu suala hilo, bila kukiri kosa.

Maisha ya pili ya simu

Simu nyingi zinazotumika katika ukanda huu hazikuanzia maisha yake hapa. Dubai ni mojawapo ya vituo vikubwa vya biashara ya simu zilizotumika. Kutoka huko huingia Kampala, Dar es Salaam, Nairobi na miji ya mashariki mwa Kongo, zikiwa zimesafishwa na kubadilishwa vioo. Nyingine huletwa na ndugu wanaoishi Ulaya au Amerika Kaskazini, ambao wamenunua mpya na kuikumbuka familia kwa ile ya zamani.

Hapa ndipo hesabu ya mara 800 inapopata maana. Mtu anayeijaza simu yake mara moja kwa siku hufikisha idadi hiyo baada ya miaka miwili na miezi kama miwili. Huo ndio muda ambao wateja wengi wa nchi tajiri hukaa na simu kabla ya kuiuza au kuigawa. Kwa maneno mengine, kipimo kilichowekwa na sheria ya Ulaya hulinda kipindi cha mmiliki wa kwanza. Simu inapowasili Goma au Gitega, betri yake iko ukingoni mwa kipimo hicho au imekwisha kukivuka.

Zamani tatizo hilo lilitatuliwa kwa dakika moja na noti chache. Mwenye simu alinunua betri sokoni, akafungua mfuniko, akaiweka. Leo fundi wa simu anayekaa chini ya mwavuli wa barabarani hulazimika kuupasha moto mgongo wa kioo mpaka gundi ilegee, aubandue kwa kipande chembamba cha plastiki, kisha aing'oe betri iliyobandikwa nayo. Kioo kikipasuka, hasara ni ya mteja. Betri ya lithiamu ikitobolewa, huweza kuwaka moto mikononi mwa fundi. Na kazi ikimalizika salama, kinga ya maji iliyokuwa sababu ya gundi yote hiyo mara nyingi haipo tena, kwa sababu mgongo haukubandikwa kwa mashine ya kiwandani.

Umeme huongeza uzito wa jambo hili. Burundi ni miongoni mwa nchi zenye kiwango cha chini kabisa cha usambazaji wa umeme duniani, na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo takriban mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anayefikiwa na umeme. Kwa wasio na umeme nyumbani, kibanda cha kuchajia simu ni sehemu ya maisha. Wakati wa betri za kutolewa, mtu aliiacha betri moja kibandani na kuondoka na simu yenye betri nyingine. Siku hizi huiacha simu nzima, pamoja na laini yake, ujumbe wake na akaunti yake ya fedha za simu. Kwa saa mbili au tatu hapatikani, na mali yake iko mikononi mwa mtu mwingine. Mwenye uwezo hununua pawabenki. Hapo betri ya pili imerudi, safari hii ikiwa nzito zaidi na ikiuzwa peke yake.

Kadi ya kumbukumbu nayo ilikuwa na uchumi wake. Katika masoko mengi ya ukanda huu vijana wenye kompyuta hujaza kadi kwa malipo madogo: kwaya, kaswida, rumba, filamu zilizotafsiriwa. Mteja husikiliza kwa miezi bila kununua hata megabaiti moja ya intaneti. Simu isiyo na nafasi ya kadi humfungia mlango huo na kumwelekeza kwenye huduma za mtandaoni, ambazo kila wimbo wake hulipiwa kwa kifurushi.

Redio iliyonyamazishwa

Hasara isiyozungumzwa sana ni ya redio. Wimbi la FM katika masafa ya megahezi 100 lina urefu wa mita tatu, na antena nzuri ya kulinasa huhitaji robo ya urefu huo, yaani sentimita 75 hivi. Hakuna nafasi ya kuificha antena ya namna hiyo ndani ya simu nyembamba ya kioo na chuma. Waya wa spika za masikioni, wenye urefu unaozidi kidogo kipimo hicho, uliifanya kazi hiyo bila gharama yoyote ya ziada. Tundu lilipoondoka, antena iliondoka nalo, na mara nyingi redio ikafuata. Zipo simu za vitufe zenye antena ya ndani na redio isiyohitaji waya, lakini katika simu janja za bei ya juu redio ya FM imekuwa kitu adimu.

Jibu la kawaida ni kwamba redio sasa inasikika kwa intaneti. Ni kweli, lakini kwa bei. Matangazo yanayorushwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kiwango cha wastani tu, hula takriban megabaiti 29 kwa saa. Anayesikiliza saa mbili kwa siku humaliza karibu gigabaiti 1.7 kwa mwezi. Kwa FM, msikilizaji huyohuyo hatumii chochote zaidi ya chaji kidogo, na mtu wa elfu kumi anaposikiliza hamsongi yule wa kwanza.

Tofauti hiyo hukua siku ya dhiki. Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria kilipiga kisiwa cha Puerto Rico na kuacha zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ikiwa haifanyi kazi. Siku nane baadaye, mwenyekiti wa wakati huo wa Tume ya Mawasiliano ya Marekani, Ajit Pai, aliitaka Apple iziwashe chipu za FM katika simu zake kwa usalama wa wananchi. Kampuni ilijibu kwamba iPhone 7 na iPhone 8 hazikuwa na chipu hizo wala antena ya kuzisaidia. Hapakuwa na cha kuwasha.

Ukanda wa Maziwa Makuu una mifano yake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu wasiopungua 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Siku iliyofuata maji yaliifagia mitaa ya Bushushu na Nyamukubi katika eneo la Kalehe, Kivu Kusini, na kuua zaidi ya watu 400. Katika maeneo kama hayo, tahadhari inayomfikia mtu kwa lugha yake kabla ya mto kufurika ni suala la uhai, na redio ndicho chombo kinachoweza kumfikia asiye na kifurushi.

Wala si lazima pawe na maafa ya asili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, na intaneti ikadorora kwa siku kadhaa kutoka Tanzania hadi Rwanda. Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, Uganda ilizima intaneti nchini kote kwa siku zipatazo tano. Katika nyakati hizo zote mbili, minara ya FM ilikuwa ikirusha mawimbi yake kama kawaida. Aliyekuwa na simu ya vitufe, ile inayoitwa kitochi Tanzania na mulika mwizi Kenya, aliweza kusikia habari kuliko mwenye simu ya dola elfu moja.

Kobalti inayorudi na gundi

Kuna kinaya kingine katika jambo hili, nacho kinaanzia Kolwezi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huchimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, sehemu kubwa ikitoka katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko na ya mgodini. Betri za simu janja ni miongoni mwa watumiaji wakubwa wa madini hayo. Kobalti huondoka ardhini kwa jasho la wachimbaji, husafishwa kwa wingi China, kisha hurudi Lubumbashi ikiwa ndani ya simu ambayo fundi wa Lubumbashi hatakiwi kuifungua.

Kinshasa imeonyesha kwamba inaweza kutikisa soko la madini hayo. Februari 2025 ilisimamisha kuuza kobalti nje ili kuinua bei, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikaanza kuyagawia makampuni viwango vya kuuza. Lakini nguvu hiyo inaishia kwenye bei ya malighafi. Juu ya namna betri inavyofungwa ndani ya simu, nchi inayotoa madini haina sauti yoyote, wakati Umoja wa Ulaya, usio na migodi mikubwa ya kobalti, unayo kwa sababu ya ukubwa wa soko lake.

Mwisho wa safari hiyo ni jalala. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na kwamba barani Afrika chini ya asilimia moja ya taka hizo ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi. Rwanda ina kiwanda cha kazi hiyo katika wilaya ya Bugesera, lakini sehemu kubwa ya ukanda haina. Simu inayotupwa kwa sababu betri yake haitoki huishia na betri hiyo ndani yake, mara nyingi katika shimo la takataka nyuma ya nyumba.

Soko la hapa bado linakataa

Hata hivyo, wanunuzi wa ukanda huu hawajakaa kimya. Tecno, itel na Infinix, chapa tatu za kampuni ya Transsion yenye makao yake Shenzhen, zilijipatia nafasi kubwa Afrika kwa kuuza kile ambacho wengine walikuwa wakikiacha: laini mbili, tochi, redio ya FM, nafasi ya kadi na tundu la spika za masikioni. Simu zao nyingi za bei nafuu bado zina vitu hivyo. Ni ushahidi kwamba mtengenezaji huviweka pale anapojua kwamba mteja hatanunua bila hivyo.

Lakini ngome hiyo ina nyufa. Betri ya kutolewa imekuwa nadra hata katika simu janja za bei ya chini, ikibakia zaidi katika simu za vitufe. Phantom V Fold, simu ya kukunja ambayo Tecno iliitoa mwaka 2023, haina tundu la milimita 3.5. Mtindo wa simu huanzia juu na kushuka: kinachoonekana leo kama alama ya hadhi katika simu ya gharama huigwa baada ya miaka michache na simu ya mtu wa kawaida, kwa sababu naye anataka simu yake ifanane na ile ya tangazoni.

Kinachoweza kufanyika

Sheria za Ulaya zitasaidia kwa kiasi. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko hilo itakapofika huku ikiwa ya mtumba, itakuwa rahisi zaidi kuitengeneza kuliko ile iliyoitangulia. Lakini sheria hizo zina mlango wa kutokea. Kanuni za mwaka 2025 humruhusu mtengenezaji kuiacha betri ibadilishwe na fundi aliyehitimu tu, endapo simu inastahimili maji na vumbi na betri yake inabakiwa na asilimia 83 ya uwezo baada ya kujazwa mara 500, na asilimia 80 baada ya mara 1,000. Simu nyingi za bei ya juu zinaweza kuupitia mlango huo. Aidha, wajibu wa kuuza vipuri kwa miaka saba unahusu soko la Ulaya, na haumlazimishi mtengenezaji kumfikishia kipuri fundi wa Bujumbura au Uvira. Na sheria hizo hazisemi chochote kuhusu kurudisha tundu, kadi au redio.

Upande wa redio, India imeonyesha njia nyingine. Mwaka 2023 serikali ya nchi hiyo iliwashauri watengenezaji wahakikishe kwamba simu yenye kipokezi cha FM haiuzwi kikiwa kimezimwa, ikitaja umuhimu wa redio wakati wa maafa na kwa watu wasiomudu intaneti. Hatua hiyo haikumlazimisha mtu yeyote kubuni simu upya. Ilisema tu kwamba kilichomo ndani ya simu kisinyimwe aliyeinunua.

Nchi za Afrika Mashariki tayari zina chombo cha kufanya jambo kama hilo. Mamlaka za mawasiliano, kama vile RURA nchini Rwanda, ARCT nchini Burundi, UCC nchini Uganda na TCRA nchini Tanzania, huhusika na uidhinishaji wa aina za simu kabla hazijauzwa, zikiangalia masafa na usalama wake. Sharti kuhusu redio ya FM, au kuhusu betri inayoweza kubadilishwa na fundi wa kawaida, lingeweza kuongezwa katika ukaguzi huohuo. Nchi moja peke yake ni soko dogo ambalo mtengenezaji anaweza kulipuuza. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye nchi wanachama wanane, Kongo ikiwa mojawapo, ingekuwa vigumu zaidi kupuuzwa.

Hadi hapo, uamuzi uko kwa mnunuzi anayesimama mbele ya kabati la duka. Wembamba na mng'ao wa simu huonekana mara moja, lakini maswali mengine hayana budi kuulizwa kabla ya kulipa: betri yake inabadilishwaje na kwa bei gani, inapokea kadi, ina tundu la spika za masikioni, na redio yake inasikika bila intaneti? Muuzaji atakayesikia maswali hayo mara kwa mara atayapeleka kwa anayemletea mzigo. Hivyo ndivyo laini ya pili na tochi zilivyopata nafasi katika simu zinazouzwa Afrika, bila ya sheria yoyote kutungwa.